Mtoto Aliyekataa Kuisalimu Bendera



Mwezi huu twaanza na barua. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye jina lake na la kijiji chake twaliweka kwetu, ametuandikia ya kuwa kila asubuhi, watoto wakusanyikapo mstarini kuuimba Wimbo wa Taifa, wako watoto watatu wa nyumba moja wasimamao wima, mikono yao ubavuni, vinywa vyao vimefumbwa. Hawacheki, wala hawafanyi fujo, wala hawawazuii wenzao. Wakiulizwa, hujibu kwa adabu ya kwamba wao na wazazi wao ni Mashahidi wa Yehova, na imani yao haiwapi ruhusa kuimba wimbo ule. Waalimu wenzake wamesema watoto hao wachapwe hata waimbe. Mzee mmoja wa kanisa letu amesema, heri wafukuzwe, maana watu hao si wenzetu. Naye mwalimu auliza: “Nifanye nini? Serikali yapasa kuheshimiwa, na dhamiri ya mtu nayo yapasa kuheshimiwa. Zikikutana katika njia nyembamba, ipi impishe mwenzake?”

Swali hili si jepesi, wala halikuanza kijijini kwake. Limepita mbele ya majaji wenye elimu nyingi, nao hawakupatana. Taifa moja kubwa lililijibu mara mbili katika muda wa miaka mitatu, na jibu la pili likalipindua la kwanza. Basi kabla hatujamjibu mwalimu wetu, twataka kuwasimulia habari hiyo, kwa kuwa mara nyingi mfano hufundisha kuliko amri.

Katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, uko mji mdogo uitwao Minersville. Zamani zile wengi wa watu wake walipata riziki kwa kuchimba makaa ya mawe, na wengi walikuwa Wakristo wa Kanisa Katoliki. Palikuwa na baba mmoja mwenye duka la vyakula, naye na nyumba yake walikuwa Mashahidi wa Yehova. Katika shule za mji huo desturi ilikuwa hii: kila siku mwalimu na watoto husimama, huielekea bendera, hunyosha mkono wa kuume mbele yao, na kutamka kiapo cha utii kwa bendera na kwa taifa. Mwezi wa Oktoba 1935 watoto wawili wa mwenye duka, msichana wa miaka 12 na ndugu yake wa miaka 10, waliacha kufanya hivyo.

Msidhani watoto hao walikuwa wakaidi. Walisema kwamba katika kitabu cha Kutoka Mungu amekataza kukisujudia kitu kilichofanywa kwa mikono ya watu, nao waliona ya kuwa kuisalimu bendera ni namna ya ibada. Tena palikuwa na jambo jingine lililowachoma mioyo watu wa dini yao. Siku zile zile huko Ujerumani, serikali ya Hitler ilikuwa ikiwatesa Mashahidi wa Yehova kwa kuwa walikataa kumpa Hitler salamu ya mkono ulionyoshwa. Wengi wakatiwa katika kambi za mateso, na huko baadaye wakashonewa nguoni alama ya pembetatu ya zambarau, ili wajulikane. Wenzao wa Marekani walipozisikia habari hizo, wakautazama mkono unyoshwao katika shule za watoto wao, wakauona wafanana mno na ule wa Ujerumani.

Tarehe 6 Novemba 1935 wakuu wa shule za Minersville wakawafukuza watoto wale wawili kwa kosa la kutokutii. Baba yao ikampasa kuwalipia karo katika shule isiyo ya serikali. Akaona ni dhuluma, akaenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ikampa haki, na ya pili ikampa haki. Wakuu wa shule wakakata rufani hata Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 3 Juni 1940 mahakama hiyo ikatoa hukumu. Majaji wanane walisema shule ilikuwa na haki ya kuwafukuza. Mmoja tu alisema haikuwa na haki.

Sasa, wasomaji, hapa ndipo twawaomba mfikiri kwa utulivu. Ni rahisi kusema ya kwamba majaji wale wanane walikuwa watu wabaya. Hawakuwa hivyo. Aliyeiandika hukumu ni jaji Felix Frankfurter, Myahudi aliyezaliwa Vienna, akafika Marekani akiwa mtoto wa miaka 12. Mtu huyo alijua sana kabila lake lilivyoteswa, na kabla hajawa jaji alikuwa miongoni mwa watu walioanzisha chama cha kutetea uhuru wa raia. Alikuwa na sababu zake, nazo si za kubezwa. Alisema kwamba umoja wa taifa ndio msingi wa usalama wake, na bendera ni alama ya umoja huo. Alisema sheria ile haikutungwa kuipiga vita dini yoyote, bali iliwahusu watoto wote sawasawa. Na mtu hawezi kujitoa katika sheria ya wote kwa kusema tu kwamba imani yake yaikataa. Mwisho alisema si kazi ya majaji kuwa walezi wa shule zote za nchi. Kama amri ni ya upumbavu, watu na waishawishi serikali yao kuiondoa.

Tena kumbukeni siku zenyewe. Ilikuwa Juni 1940. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yamekwisha kuingia Ufaransa, na siku chache baadaye yaliuchukua mji wa Paris. Hofu ilikuwa imeenea duniani kote. Na hofu, ndugu zetu, ni mshauri asiyeketi chini. Huja mbio, husema mara moja, na watu humfuata kabla ya kumwuliza atokako.

Jaji mmoja aliyesimama peke yake jina lake Harlan Fiske Stone. Yeye alikiri kwamba serikali ina haki nyingi juu ya raia: yaweza kumwita vitani, yaweza kuwafundisha watoto historia ya nchi yao ili waipende. Lakini akasema jambo hili ni la namna nyingine kabisa, maana hapa serikali yamlazimisha mtoto kusema kwa kinywa chake neno asiloliamini moyoni, na neno lenyewe ni la dini yake. Tena ziko njia nyingine za kuwafundisha watoto kuipenda nchi, zisizovunja dhamiri ya mtu. Na kuwaambia watu wachache wasiopendwa waende wakaiombe serikali ya walio wengi iwahurumie, hilo ni kuwaacha bila mlinzi.

Basi yaliyofuata yakaonyesha nani aliyeona mbali. Watu waliposikia hukumu ile, wengi hawakusoma sababu zake. Walisikia tu kwamba Mashahidi wa Yehova wamehukumiwa kuwa si raia wema. Hazikupita siku saba. Tarehe 9 Juni 1940, katika mji wa Kennebunk, jimbo la Maine, kundi la watu wenye ghasia liliteketeza kwa moto nyumba yao ya kukutania. Mahali pengine walipigwa na kufukuzwa mijini. Chama kile cha kutetea uhuru wa raia kilihesabu ya kwamba katika mwaka huo mmoja watu wa dini hiyo karibu 1,500 walishambuliwa, katika majimbo 44. Watoto wengi wakafukuzwa shule.

Hapa pana fundisho la kwanza, nasi twataka liingie sana katika nyumba zetu. Sheria haihukumu tu, bali pia hufundisha. Wakuu wakisema kwa sauti ya upole kwamba haki ya fulani yaweza kuondolewa, walio nje huyasikia maneno hayo kwa sauti ya ngoma. Jaji aliandika kwa kalamu. Mtu wa barabarani akatafsiri kwa fimbo na kiberiti. Na vivyo hivyo katika shule: mwalimu akimdhihaki mtoto mmoja mbele ya wenzake kwa ajili ya dini ya nyumbani kwao, asishangae jioni akisikia mtoto huyo amepigwa mawe njiani.

Lakini habari haikuishia hapo. Majaji watatu katika wale wanane waliyaona yaliyotokea, na mwaka wa 1942, katika hukumu ya shauri jingine, waliandika waziwazi ya kwamba sasa waliona walikosea. Ni jambo la nadra, jaji kukiri kosa lake mbele ya taifa zima, na twaona inafaa kulisifu. Mwaka huo huo wakuu wa elimu wa jimbo la West Virginia walikuwa wametoa amri kwamba kila mtoto na kila mwalimu aisalimu bendera. Mtoto akikataa hufukuzwa. Akifukuzwa huhesabiwa mtoro. Na kwa utoro huo wazazi wake waweza kutozwa faini hata dola 50 na kufungwa hata siku 30. Wengine walitishwa kwamba watoto wao watapelekwa katika shule za watoto wahalifu. Wazazi fulani, Mashahidi wa Yehova, wakaenda mahakamani tena.

Tarehe 14 Juni 1943, siku ambayo Wamarekani huiadhimisha bendera yao, Mahakama ya Juu ikaipindua hukumu yake ya kwanza kwa majaji sita juu ya watatu. Aliyeandika hukumu mpya ni Robert Jackson, yule ambaye baada ya vita alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Marekani katika hukumu ya viongozi wa Ujerumani huko Nuremberg. Alieleza kwamba ziko haki ambazo ziliwekwa katika katiba kusudi zisipigiwe kura: uhai, mali, kusema, kuabudu. Mtu hapaswi kuzingojea kwa hisani ya walio wengi. Alisema hakuna mkuu wa serikali, awe wa juu au wa chini, mwenye amri ya kuwapangia raia yawapasayo kuyaamini, wala ya kuwalazimisha kuyakiri kwa kinywa. Na wale waliojaribu zamani kuunganisha watu kwa kulazimisha imani, mwisho wao walipata umoja wa makaburini.

Tazameni na wakati wake. Haikuwa siku ya amani. Marekani ilikuwa katikati ya vita vikubwa, na vijana wake walikuwa wakifa chini ya bendera ile ile. Kama ingekuwa kweli kwamba taifa huvunjika mtoto mmoja akinyamaza, lingevunjika wakati huo. Halikuvunjika. Na ile salamu ya kunyosha mkono, Bunge la Marekani lilikuwa limekwisha kuibadili mwezi wa Desemba 1942, watu wakaweka mkono juu ya moyo. Maana watu wengine pia walikuwa wamekwisha kuona ilivyofanana na ya adui.

Frankfurter hakukubali. Aliandika tena maneno yake ya kupinga, akikumbusha kwamba yeye mwenyewe ni wa kabila lililoteswa kuliko wengi, na hata hivyo alidhani jaji asiweke maoni yake mahali pa sheria iliyotungwa na wawakilishi wa watu. Twalitaja hili ili msomaji ajue ya kuwa watu waaminifu waweza kutofautiana, na kwamba hofu ya majaji kujitwalia mamlaka si hofu ya bure.

Sasa mtu aweza kutuuliza: “Je, yeyote asemaye ‘dini yangu yanikataza’ aachwe afanye apendavyo? Akisema dini yake yamkataza kulipa kodi? Akisema yamruhusu kumfungia ndani mtoto mgonjwa asipelekwe hospitali?” La, sivyo. Mahakama ile ile, miezi saba tu baada ya hukumu ya West Virginia, ilionyesha mpaka. Mwanamke mmoja wa Massachusetts, naye pia Shahidi wa Yehova, alimchukua mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akimlea, akaenda naye barabarani usiku kuuza magazeti ya dini yao. Sheria ya jimbo ilikataza watoto kuuza vitu njiani. Yeye alisema ni ibada, na mtoto pia alisema ni ibada. Mwezi wa Januari 1944 majaji walio wengi walisema sheria ile ni halali. Mtu mzima ana ruhusa kujitoa mwenyewe kwa ajili ya imani yake, lakini hana ruhusa kumtoa mtoto ambaye hajafikia umri wa kuchagua. Na tangu mwaka wa 1879 mahakama hiyo ilikuwa imekwisha kusema kwamba kuamini ni jambo moja na kutenda ni jingine: serikali haiwezi kutawala yaliyo ndani ya moyo, lakini yaweza kuyazuia matendo fulani kwa ajili ya wote.

Basi tukiyaweka mashauri haya pamoja, twaona mizani ya maswali matatu, nayo yafaa mahakamani na darasani pia.

La kwanza: ni nani anayeumizwa? Mtoto anyamazaye mstarini hamwumizi mtu. Mtoto achukuliwaye barabarani usiku aweza kuumizwa mwenyewe. Mtu asiyelipa kodi amwachia jirani yake mzigo. Palipo na madhara ya kweli, serikali ina kazi ya kufanya. Palipo na chuki yetu tu, haina kazi.

La pili: je, mtu anazuiwa kutenda jambo, ama analazimishwa kulikiri neno? Hayo mawili hayalingani. Sheria yaweza kuufunga mkono wangu nisimpige mwenzangu, na moyo wangu ukabaki wangu. Lakini ikiufungua mdomo wangu kwa nguvu niseme nisiloliamini, imeingia nyumba isiyo yake.

La tatu: je, hakuna njia nyepesi zaidi? Kama serikali yataka watoto waipende nchi, na iwafundishe historia ya nchi, na iwatendee kwa haki, nao wataipenda. Fimbo haijapata kumfundisha mtu kupenda. Humfundisha kuogopa, na zaidi ya hayo humfundisha kusema uongo.

Wala msiseme kwamba haya ni mambo ya Marekani tu, hayatuhusu. Mwaka wa 1986 Mahakama ya Juu ya India iliamua shauri la watoto watatu wa Kerala, waliokuwa wakisimama kwa heshima wimbo wa taifa uimbwapo, lakini hawakuimba. Mahakama ikasema asimamaye kwa heshima hakuuvunjia wimbo heshima, ikaamuru warudishwe shuleni. Na karibu zaidi, katika nchi ya Tanzania, wanafunzi 127 wa dini hiyo hiyo walipewa adhabu kwa kutokuuimba Wimbo wa Taifa, na baadhi yao walifukuzwa. Walishindwa katika Mahakama Kuu, wakaenda Mahakama ya Rufani; nayo, mwezi wa Julai 2013, ikawapa haki.

Katiba ya Tanzania, tangu ilipotiwa sura ya haki za watu mwaka wa 1984, yalinda katika ibara ya 19 uhuru wa mtu wa kufikiri na wa kuamini. Na ibara ya 30 yakumbusha kwamba haki ya mmoja isitumiwe kuvunja haki za wengine wala manufaa ya wote. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 32, yasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Na ibara ya 24 yaitaka serikali, itakapo kupunguza haki, ionyeshe sababu iliyo ya haki, na itazame kama hakuna njia nyepesi zaidi. Mwaona ya kuwa mizani ile ile imo na kwetu, imeandikwa. Inayohitajiwa ni mikono ya kuishika sawasawa.

Sasa twamgeukia yule mzee wetu aliyesema watoto wale si wenzetu. Twamheshimu kwa mvi zake, wala hatusemi kwamba mafundisho ya watu hao ni yetu. Tumetofautiana nao katika mambo makubwa. Lakini wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na wakasema tena: Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sisi twaukumbukaje uchungu wa mkuki? Kila mwaka, tarehe 3 Juni, Wakristo wa Afrika ya Mashariki huenda Namugongo, Uganda, kuwakumbuka vijana waliochomwa moto siku hiyo mwaka wa 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wengi wao walikuwa watumishi wa jumba lake. Walimheshimu mfalme wao, walifanya kazi yake, lakini walipotakiwa kuiacha imani yao hawakukubali. Siku hizo Wakristo ndio waliokuwa wachache. Ndio walioonekana kuwa watu wa dini ngeni, wasio wenzao. Tarehe ile ile ya 3 Juni, miaka 54 baadaye, watoto wawili wa Minersville walihukumiwa mbele ya taifa la Wakristo. Twafikiri sadfa hiyo yatosha kumnyamazisha mtu kitambo, akajiuliza: sisi tuliookoka katika tanuru, je, tutawashia wengine?

Wala tusisahau wale vijana watatu wa Babeli, tunaowasimulia watoto wetu kila mwaka. Sanamu ilisimamishwa, muziki ukapigwa, watu wote wakaanguka kifudifudi. Hao watatu wakabaki wamesimama. Hawakumtukana mfalme. Walisimama tu. Sisi twawasifu kwa kusimama kwao. Basi tuangalie tusije tukawa ndio wapigaji wa zumari.

Na Bwana wetu, alipoulizwa habari ya kodi, hakuidharau serikali. Aliitaka sarafu, akawaonyesha sura iliyo juu yake, akayagawanya mambo mawili. Sarafu ina sura ya Kaisari, nayo ni haki yake. Lakini mtu ana sura ya nani? Hapo ndipo mamlaka ya kila mfalme, kila bunge, na kila mwalimu mkuu, hufika ukingoni.

Basi, mwalimu mpendwa, hili ndilo jibu letu. Usiwachape watoto wale, wala usikubali wachapwe kwa jambo hili mbele yako. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa unyenyekevu, faraghani, umweleze hukumu za mahakama tulizozitaja, ili asije akaingia katika kosa la sheria kwa kutokujua. Waache watoto wasimame kwa heshima na kunyamaza. Lakini wakifanya dhihaka, au wakiwazuia wenzao kuimba, waonye kama uwaonyavyo wengine, maana adabu ni ya wote. Kazi za shule wazifanye zote: wafagie, wateke maji, wapalilie shamba, wajifunze historia ya nchi yao. Waite wazazi wao, uketi nao, uwasikilize, nao wakusikilize. Kisha waeleze watoto wengine kwa maneno mepesi kwa nini wenzao hunyamaza, ili kunyamaza kwao kusigeuzwe sababu ya ugomvi.

Nanyi, wale waimbao, imbeni kwa moyo, kwa kuwa hakuna aliyewalazimisha. Wimbo wa taifa uimbwao na watu huru una utamu usiopatikana katika wimbo uimbwao kwa kuogopa bakora.

Tena, akina baba na akina mama, jambo hili laanza nyumbani. Mtoto asikiaye mezani kwamba jirani wa dini nyingine ni mpumbavu atakwenda nalo shuleni, na akikua atakwenda nalo barazani, na siku moja huenda akawa hakimu au mbunge, akalitia katika sheria. Mfundisheni kuishika imani yake kwa nguvu, na kuiacha mikono yake wazi kwa mwenzake.

Mwalimu wetu aliuliza ni ipi impishe mwenzake, serikali ama dhamiri. Twaona ya kuwa njia hiyo si nyembamba kama ionekanavyo. Serikali ina barabara yake pana, na dhamiri ina kijia chake. Hugongana pale tu mmoja atokapo katika njia yake. Na kwa kuwa serikali ni yenye nguvu, ndiyo ipasayo kutazama zaidi inapokanyaga. Mwenye nguvu akipisha, haipungui nguvu yake. Huonekana ni nguvu yenye haki.

Twamwomba mwalimu atuandikie tena, atupe habari za watoto wale watatu. Na wasomaji wengine walio na jambo kama hili katika shule au mitaa yao, na watuandikie pia.

Mungu awabariki ninyi nyote pamoja na nyumba zenu.